Logibuku yangu ya kwanza imechakaa: niikarabati, ninakili upya, au nihamie kwenye programu?

MwanaKaskazi

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni rubani wa Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, kituo changu ni Unguja. Naomba ushauri kwa waliotangulia kwenye kazi hii.

Logibuku yangu ya kwanza (kitabu ambamo rubani anaandika kila safari na saa zake za kuruka), ile niliyoanza nayo shule ya urubani, imefika mwisho. Imebaki mistari michache tu, lakini kilichonileta hapa si kujaa kwake. Kitabu chenyewe kimechoka. Jalada la mbele limeachana na mgongo, ukilishika bila uangalifu linabaki mkononi na kurasa zinakwenda zake. Fungu la kwanza la kurasa linaning'inia kwa uzi mmoja. Kuna selotepu ya tangu enzi za shule, sasa imegeuka njano na inakamata vumbi. Tena kuna kurasa chache zilizoingia Jet A-1 siku chupa ya sampuli ya mafuta ilipovuja kwenye sehemu ya mizigo. Karatasi imekuwa kama ile ya kufungia sambusa, unasoma maandishi ya upande wa pili bila kufunua.

Sasa nimeitwa kwenye usaili wa shirika la nje, na barua inasema wazi kwamba niende na logibuku za asili, zote. Wenzangu hapa kazini wamegawanyika. Mmoja ananiambia ninunue kitabu kipya, nikae wiki nzima ninakili kila safari kwa mwandiko mmoja safi, kile cha zamani nikifungie kabatini. Mwingine anasema niingize yote kwenye programu nichape.

Kinachonizuia ni vitu viwili. Kwanza, kwenye fungu hilo linaloning'inia ndipo ulipo ukurasa wa siku niliporuka peke yangu mara ya kwanza. Mwalimu wangu aliandika kwa peni ya kijani, akatia sahihi na namba ya leseni yake. Mwalimu huyo ametangulia mbele za haki. Pili, kurasa zilizolowa mafuta ndizo zenye sehemu kubwa ya saa zangu za usiku. Anayeruka huku kwetu anajua: viwanja vya mbugani kama Mtemere na Msembe ni vya mchana, na leseni ya ATPL, ile ya juu ya marubani wa mashirika, inataka saa 100 za usiku ndani ya jumla ya saa 1500. Unaweza kuwa na saa nyingi kupindukia za mchana ukakwama kwenye usiku. Saa hizo sitaki zitiliwe shaka na mtu yeyote.

Nifanyeje? Na kama ni kukarabati, nani anafanya kazi hiyo, na aguse nini, asiguse nini?

---

Kijana wa Terminal Two

Dada, hamia kwenye programu, utapumzika. Mimi natumia LogTen, kuna wenzangu wako kwenye CrewLounge PILOTLOG (zamani mccPILOTLOG), wengine ForeFlight. Nikiulizwa saa zangu za usiku kwenye Caravan kama PIC, yaani rubani kiongozi wa ndege, nabonyeza mara mbili tu. Hujumlishi kwa mkono, na nakala inakaa sehemu tatu tofauti. Hizi safari zetu za Dar na Unguja za dakika ishirini zinakula nusu ukurasa kwa siku, mtu ataandika mpaka lini? Ukishaingiza yote, kile cha karatasi hakina kazi tena.

---

Mzee wa Soroti

Mwanangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Nimestaafu, lakini jambo hili nalijua vizuri kwa sababu miaka mingi nilikaa upande wa pili wa meza, upande wa wanaouliza maswali.

Usinakili kitabu kile. Nakuomba.

Mimi nilifundishwa urubani Soroti, Uganda, wakati chuo kile bado ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kilianzishwa 1971 kwa ajili ya nchi zetu tatu, na 1977 Jumuiya ikavunjika, ikaenda na shirika lake la ndege. Logibuku yangu ya kwanza ina mihuri ya wakati ule. Hakuna ofisi duniani inayoweza kuugonga mhuri ule leo. Ningenakili kitabu kile kwenye kingine, ningebaki na orodha ya safari niliyoiandika mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe, na mtu yeyote anaweza kuandika orodha. Thamani ya logibuku iko kwenye mikono ya watu wengine iliyopita humo: mwalimu, mtahini, rubani mkuu wa kampuni. Sahihi ya mwalimu wako kwa ile peni ya kijani ni ushahidi. Ukiandika wewe kwamba aliwahi kutia sahihi, hayo ni madai.

Nikuambie tulichokuwa tunaangalia. Kitabu kikiletwa mezani, tulianza kwa kukipindua kurasa haraka bila kusoma. Kitabu cha kweli kinabadilika njiani. Wino unabadilika, mwandiko wa mwanafunzi unakuwa wa haraka akishaajiriwa, kurasa za kiangazi zina vumbi jekundu kwenye mkunjo. Kitabu cha miaka sita chenye wino mmoja na mwandiko mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho tulikiweka pembeni na kuanza kuuliza. Saa za peni, yaani zilizoandikwa bila kurukwa, zipo, sote tunajua zipo, na mtu mwaminifu aliyenakili kwa nia njema anajikuta amekaa kiti kimoja na mdanganyifu. Kisha tulichagua safari tatu nne tukalinganisha: namba ya usajili na aina ya ndege, je, hiyo 5H (ndege yenye usajili wa Tanzania) kweli ni Caravan au ni Cessna 206? Tarehe ya mtihani na sahihi ya mtahini, vinaendana? Sikuwahi kuona mtu ananyimwa kazi kwa sababu jalada limeng'oka. Doa la mafuta ya ndege kwenye logibuku ya rubani wa mbugani halimshangazi mtu.

Na kwa kijana aliyetangulia: programu ni nzuri, nami ningekuwa nayo. Lakini usimwambie mwenzako kwamba karatasi haina kazi tena. Barua imesema za asili. Programu ikae kando ya kitabu, na kitabu kibaki.

Neno moja kuhusu hofu ya kukipoteza kabisa, maana najua ndiyo iliyo nyuma ya swali lako. Rafiki yangu aliibiwa mkoba Mwanza na logibuku ndani. Hakuanza na sifuri. Kila ndege ina vitabu vyake. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 34, unaitaka ndege inayovuka mipaka iwe na kitabu chake cha safari, na ndege za hapa nchini zina kitabu cha ufundi ambacho rubani anatia sahihi kila siku. Alikwenda polisi akapata ripoti ya upotevu, akaapa kiapo kwa wakili, kisha akazunguka: shule aliyosomea, kampuni alizofanyia kazi na rekodi zao za zamu, na faili lake la leseni kule mamlaka ya usafiri wa anga, ambako kila alipohuisha leseni alikuwa ameandika jumla ya saa zake. Akakijenga upya kitabu, kila ukurasa ukionyesha umetolewa wapi. Ilichukua muda mrefu na ilimchosha sana. Kwa hiyo leo, kabla ya jambo lolote, piga picha kila ukurasa, hata ulio mtupu, hata ndani ya jalada.

---

Mwalimu wa Wilson

Heshima kwako mzee. Kuhusu kunakili umemaliza, sina la kuongeza. Mimi nataka kuzungumzia kufunga kitabu cha kwanza na kufungua cha pili, maana kimebakiza mistari michache na hapo ndipo watu wengi hukwama. Nafundisha urubani hapa uwanja wa Wilson, Nairobi, na jumla zisizokubali naziona kila mara.

Dada, kabla hujaandika chochote kwenye kitabu kipya, jumlisha kile cha zamani kwa njia tatu. Mchana ukiongeza usiku upate jumla kuu. Injini moja ukiongeza injini mbili upate ileile. Saa za PIC, za rubani msaidizi na za mwanafunzi chini ya mwalimu, zikijumlishwa, zifike palepale. Jumla tatu zikikutana, endelea. Zisipokutana, kuna ukurasa una kosa, na utaupata kwa kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka mahali zilipokutana mara ya mwisho.

Ukilipata kosa, usiende kubadilisha jumla za kurasa zote zilizofuata. Usitumie wino mweupe wa kufutia, hata tone. Acha ukurasa ule ulivyo. Chukua mstari mmoja kwenye ile michache uliyobakiza, andika marekebisho: ukurasa namba fulani, safu fulani, jumla imezidi au imepungua kiasi fulani. Tia sahihi na tarehe. Msomaji akiona hivyo anajua huyu mtu anahesabu.

Jambo jingine ambalo kwa rubani wa visiwani ni kubwa kuliko anavyofikiri: dakika na desimali. Kwanza, saa moja na dakika 45 si 1.45. Ni 1.75, na kwa desimali moja tunaandika 1.8, kwa kuwa kila sehemu ya kumi ni dakika 6. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana ni kwamba safari ya dakika 20 ukiigeuza inakuwa 0.3, ambayo ni dakika 18. Safari kumi za namna hiyo kwa dakika ni saa 3 na dakika 20. Kwa desimali umeandika 3.0. Dakika ishirini zimepotea, na hukukosea popote. Mtu aliyeruka Dar na Unguja miaka kadhaa akigeuza mstari kwa mstari anapoteza saa nyingi za haki yake. Basi kama kitabu chako kiko kwa saa na dakika, kibaki hivyo. Jumlisha kwa dakika mpaka mwisho, ndipo ugeuze jumla peke yake ikiwa fomu ya usaili inataka desimali. Na programu utakayochagua, angalia kwenye mipangilio yake kwamba inahifadhi dakika.

Zile saa za usiku zipitie kwa macho ya mtu asiyekujua. Huku kwetu jua huzama kati ya saa 1500 na 1600 za UTC (saa za kimataifa; kwetu ni kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja usiku) mwaka mzima. Kama kuna mstari unaosema umetua 1510 na umeandika nusu saa ya usiku, utaulizwa. Kuwa na jibu.

Kisha kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya andika "Imeletwa kutoka Kitabu Na. 1", kila safu na jumla yake, tia sahihi, na umpe rubani mkuu wa kampuni yako apige mhuri baada ya kuviona vitabu vyote viwili mezani. Jumla hiyo ilingane na ile uliyoijaza mara ya mwisho ulipohuisha leseni, ukiongeza ulizoruka tangu hapo.

---

Fundi wa Mji Mkongwe

Bibie, assalaam alaykum. Mimi si mtu wa ndege. Kazi yangu ni kushona na kujalidi vitabu hapa Mji Mkongwe, misahafu zaidi, na madaftari ya kale ya watu. Mwanangu anafanya kazi kiwanjani, ndiye aliyenionesha mazungumzo haya. Kitabu ulichokieleza kinatengenezeka. Nitakueleza namna, ili hata ukimpelekea fundi mwengine ujue la kumruhusu na la kumkataza.

La kumkataza kwanza. Asikitie kwenye mashine ya kukata ili kunyoosha kingo. Mafundi wengi wa stendi wanapenda kukata ili kitabu kionekane kipya, na safu yako ya maelezo pembeni itakwenda na hicho kipande. Asipige plastiki ukurasa wowote. Plastiki ya moto haitoki tena, na karatasi ndani yake haipumui, na kwa unyevu wetu wa pwani ukungu unaota humo humo. Asibandike selotepu nyengine. Na asikigeuze kuwa cha gundi tupu mgongoni, kile cha kukwangua mikunjo na kumwaga gundi. Kitabu chako kilishonwa, na lazima kishonwe tena.

Sasa kazi yenyewe. Jalada linatolewa kabisa, kwa kuwa limekwishaachana nusu. Mgongo unalainishwa kwa uji mwepesi wa ngano, unaachwa kidogo, kisha gundi ya kiwandani inakwanguliwa kwa kijiti cha mwanzi, si kisu. Hapo mafungu ya kurasa yanaonekana yote na uzi wake. Kama mafungu ya nyuma bado yameshika, siyagusi. Nashona yale yaliyolegea kwa uzi wa kitani, nikipita kwenye matundu yaleyale ya zamani, na kuyafunga na majirani zao. Karatasi iliyochanika kwenye mkunjo naitilia ukanda mwembamba wa karatasi ya Kijapani, ile yenye nyuzi ndefu, unaubandika kwa uji wa ngano. Ukikauka unasoma maandishi chini yake. Ukurasa ule wa mwalimu wako utapata ukanda huo kwenye mkunjo peke yake, mbali na sahihi.

Uji huo wazee walikuwa wakiutia mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba, ili mende wasiule. Mende wanapenda sana uji wa kujalidia, wataufuata mpaka ndani ya mgongo. Mimi mrututu nimeuacha, shaba yake inaila karatasi baada ya miaka. Natia tone la mafuta ya karafuu, uji hauchachi upesi, basi. Kitabu kikishakauka vizuri na kikawekwa pakavu, mende hawana shida nacho.

Mgongoni kinapigwa kitambaa kipya, kinapita chini ya jalada lako la zamani kwa pande zote mbili. Jalada la zamani linabaki. Ndani tunatia karatasi mpya za mwanzo na mwisho, lakini kama kuna kitu kimeandikwa kwenye zile za zamani, nazo zinabaki. Kisha kitabu kinalala chini ya uzito usiku kucha na kutwa ya pili.

Hayo mafuta ya ndege yaache. Nimewahi kuona watu wanapangusa doa la mafuta kwa spiriti au petroli, na wino wa peni ya kawaida unayeyuka kwa spiriti papo hapo, hata hii sanitaiza ya mikononi inauyeyusha. Weka karatasi kavu za kunyonya kati ya kurasa hizo, uzibadilishe kila zikichukua mafuta. Kitakachobaki kibaki, madhali maandishi yanasomeka.

---

MwanaKaskazi

Shikamoo mzee, shikamoo fundi, na asanteni nyote. Picha nimepiga usiku wa jana, kitabu kizima, na nakala ziko kwenye simu, kwenye kompyuta na kwa dada yangu Tanga. Kunakili nimeachana nako. Kijana wa Terminal Two, programu nitaiweka pia, kando ya kitabu kama mzee alivyosema.

Nimefanya ile hesabu ya njia tatu. Mchana na usiku vinakubali, injini zinakubali, ila ya majukumu (PIC, msaidizi, mwanafunzi) imepishana. Nimeikuta kwenye ukurasa wa mafunzo ya mwanzo, safari moja ya kwenda na kurudi Morogoro iliandikwa kwenye safu mbili kwa pamoja. Chini ya mstari huo kuna sahihi ya mwalimu wangu, kwa hiyo nashukuru sana kuambiwa nisiuguse. Nitaandika marekebisho kwenye mstari wa mwisho.

Nina swali moja kwa fundi. Ile selotepu ya njano imepita juu ya maandishi sehemu mbili, na sehemu moja inagusa herufi ya mwisho ya sahihi ya peni ya kijani. Itolewe au iachwe? Usaili uko mwisho wa mwezi.

---

Fundi wa Mji Mkongwe

Marahaba. Iliyo mbali na sahihi tutaitoa. Inapashwa moto kidogo kwa draya ya nywele, gundi ikilainika unaikunja taratibu kurudi nyuma, ikiwa imelala karibu na karatasi, usiivute juu. Ile inayogusa sahihi usiijaribu nyumbani. Selotepu ikikaa muda mrefu, wino unaingia kwenye gundi yake, na ukiivua unavua herufi. Nitaitazama kwa lenzi kwanza. Wino ukiwa umepanda, nakata selotepu pembeni kwa wembe, kile kipande kidogo kilicho juu ya herufi nakiacha pale pale.

Peni ya kijani ile, unakumbuka kama ni ya mafuta au ya jeli? Ya jeli inatoka kwa maji, na uji wangu una maji. Nitaigusa nukta moja kwa pamba yenye unyevu kabla ya kuanza, mahali pasipo na herufi muhimu. Ikiachia rangi, ukurasa huo hautapata uji karibu kabisa, nitaushika kwa uzi peke yake.

Njoo Jumamosi baada ya Alasiri ukiwa huna zamu. Kilete kwenye mfuko wa kitambaa, usikifunge kwenye nailoni. Kaa uone kazi ya mwanzo, na pale tutakapofika kwenye ukurasa wa mwalimu wako nitakuuliza kabla sijaugusa. Jumatatu jioni utakichukua.

---

Mwalimu wa Wilson

Dada, kwa safari ile ya Morogoro, kwenye mstari wa marekebisho taja tarehe ya safari na namba ya usajili ya ndege pamoja na namba ya ukurasa. Shule yako ikiwa bado ipo, omba nakala ya rekodi yao ya siku hiyo uibane nyuma ya jalada. Na mhuri wa rubani mkuu kwenye kitabu kipya uupate kitabu cha zamani kikishatoka kwa fundi, avione vyote viwili vikiwa vizima.